Ng'ombe Nane za Peris

FESTUS: Haloo? Nani mwenzangu? Hii namba siijui.

PERIS: Ungeijua, ungeshika?

FESTUS: ...Peris?

PERIS: Habari ya Bungoma, baba Kevin.

FESTUS: Aah, mama Joan. Nzuri. Nzuri sana. Sasa hii ni simu ya nani? Mimi nilifikiri ni hawa watu wa kuuza simiti wananisumbua—

PERIS: Ni ya Joan. Yangu nimekupigia mara tisa tangu asubuhi. Inalia mpaka inachoka.

FESTUS: Niko saiti, dada. Hapa Kanduyi. Mashine ya zege inapiga kelele, simu iko kwa koti, koti iko kwa msumari huko mbali—

PERIS: Sawa. Sasa umeshika.

FESTUS: Nimeshika. Kiminini kwema? Mahindi ikoje?

PERIS: Mahindi iko shambani. Festus, mimi siko Kiminini. Niko Kitale, nje ya korti, nimekaa kwa ukuta hapa karibu na geti. Kesi imetupwa.

FESTUS: Imetupwa aje?

PERIS: Venye kitu inatupwa. Hakimu ameuliza, ada ya kufungulia kesi imelipwa? Karani akasema bado. Hakimu akasema siku thelathini zimeisha, kesi imefutwa. Akaitisha faili ingine. Hata sikuwa nimesimama vizuri. Mkono wangu wa kulia, karibu miaka tatu ya kuzunguka na karatasi, na wamemaliza kabla chai ichemke.

FESTUS: Pole sana, dada yang—

PERIS: Ngoja. Usiseme pole bado. Utasema, lakini kwanza ujue ni pole ya nini.

FESTUS: Hawa watu wa korti, bana. Si walijua huna kitu? Si ulijaza ile fomu ya... ile...

PERIS: Ya nini? Sema.

FESTUS: Ile ya kusamehewa ada.

PERIS: Ya maskini. Inaitwa kushtaki kama maskini. Hata sai hiyo neno haitoki kwa mdomo yako.

FESTUS: Mimi nasema tu, walikukataa bure. Ni huyo Kabiru. Mtu ako na stoo tatu za mahindi hapo Kitale, alitoa kifuniko ya mashine ndio mahindi ipukuchuliwe haraka, mashine ikakula mkono yako, akakutumia mfuko moja ya unga. Mtu kama huyo unafikiri anashindwa na nini? Amepitia mlango wa nyuma, akaongea na wakubwa—

PERIS: Hata mimi nilifikiri hivyo. Mwezi mzima nimekuwa nikimlaani Kabiru kila nikifunga kamba ya gunia na meno.

FESTUS: Umlaani tu. Anastahili.

PERIS: Unakumbuka siku ile nilikataliwa hiyo msamaha? Ilikuwa ile korti ya kwa simu. Nilikaa pale kwa kinyozi, Kiminini, penye network inashika. Nikaskia hakimu anasema "nimeangalia picha." Halafu ikakwaruza. Halafu "siku thelathini." Halafu ikapotea. Mimi nikajiambia ni picha za mkono wangu. Si daktari alinipiga nyingi.

FESTUS: Ehe.

PERIS: Leo kesi ikitupwa, Joan ameingia ofisi ya mafaili, akalipa, akatoa kopi ya kila kitu. Ako hapa kando yangu na karatasi kwa mapaja. Festus, kwa zile karatasi Kabiru alipeleka kortini kuna picha yako. Haloo?

FESTUS: Haloo... unapotea... Peris, huku network—

PERIS: Network iko sawa. Naskia mpaka mwiko ya fundi ikikwaruza ukuta.

FESTUS: Picha yangu gani?

PERIS: Umevaa koti ya kahawia. Umeshika fimbo ya marehemu baba. Nyuma yako kuna ng'ombe nane. Na chini kuna maneno venye uliandika wewe mwenyewe kwa WhatsApp: "Zizi la dada yangu Peris. Mungu hamtupi mja wake."

FESTUS: Aah. Hiyo. Hiyo ni ya siku ya wageni wa Joan. Si ulikuwa hapo?

PERIS: Nilikuwa.

FESTUS: Si wewe mwenyewe ulikaa pale mbele na leso mpya, ukakunywa soda—

PERIS: Nimesema nilikuwa. Usinirukie.

FESTUS: Mimi sikurukii. Nakumbusha tu. Watu wa marehemu bwana yako walijitoa, wakasema hawana haja na msichana. Ni nani alibaki kupokea wageni? Ni mimi, mjomba. Na hawa hawakuwa wageni wa juzi. Wakalenjin, kutoka Cherang'any, wazee wa kufuga ng'ombe tangu babu zao. Wanakuja kuuliza Joan, wanaingia kwa boma yangu, wanakuta zizi imeota magugu mpaka hapa? Wangesema huyu msichana ametoka kwa watu gani?

PERIS: Kwa watu hawana ng'ombe.

FESTUS: Sasa hiyo ni jibu?

PERIS: Ni ukweli.

FESTUS: Wangila jirani aliniambia, fundi, chukua zangu nane, kaa nazo mpaka wageni waende. Ni kitu ya kawaida. Watu wanakopa viti, wanakopa sufuria, wanakopa hema. Ng'ombe ni nini? Nilisema tu namchungia dada yangu. Ni ile maneno ya wageni.

PERIS: Na wageni wakienda, viti si hurudishwa?

FESTUS: Hurudishwa.

PERIS: Sasa kwa nini ng'ombe ya Wangila ilirudi kwa Wangila na jina langu ikabaki kwa WhatsApp? Marehemu mama alikuwa anasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Wewe ulikuwa unacheka sana ukiskia hiyo. Sasa cheka.

FESTUS: Peris, niko mbele ya vijana wa kazi. Punguza sauti, hii simu inaskika mpaka—

PERIS: Nipunguze? Hata askari wa hapa ananiangalia. Aangalie. Nina hasira, Festus. Joan, soma pale hakimu ameandika. Soma kwa nguvu mjomba askie. (Joan anasoma, mbali na simu) Umeskia?

FESTUS: Sijashika vizuri.

PERIS: "Mwombaji ana ng'ombe wanane wanaochungwa na ndugu yake. Mahakama haiwezi kusema mtu wa namna hiyo ni maskini." Mimi. Nafua na mkono moja nguo za watu, naosha upande, upande mwingine nashika na mguu. Nane. Hakimu amezihesabu vizuri.

FESTUS: Lakini yeye hakimu si angekuja kuangalia? Picha tu inatosha? Mimi nikipiga picha na ndege ya rais, ni yangu?

PERIS: Hakuenda na picha tu. Kuna kiapo. Matthew ameapa.

FESTUS: Matthew gani?

PERIS: Unamjua. Usiniulize Matthew gani.

FESTUS: Kuna Matthew wengi—

PERIS: Binamu ya Kiplangat. Huyo Kiplangat anaoa Joan. Matthew ndio alikuja na wazee siku ile, mrefu, na kofia ya manjano, ukampea paja ya kuku. Anapima magunia kwa stoo ya Kabiru. Ameapa ati aliskia kwa masikio yake, kutoka kwa ndugu wa mwombaji, ng'ombe zote ni za mwombaji.

FESTUS: Sasa mimi ningejua aje anafanya kazi kwa Kabiru? Mtu anakuja kwa posa, utamuuliza mwajiri wako ni nani?

PERIS: Hiyo siku sikulaumu. Nimekwambia nilikuwa hapo. Nilijua ni za Wangila, nikanyamaza. Unajua kwa nini nilinyamaza?

FESTUS: Kwa nini?

PERIS: Tangu ile mashine, kila mtu akinisalimia anaangalia hapa chini kwanza, halafu anajifanya hajaangalia. Siku ile wageni wote waliangalia ng'ombe. Siku nzima hakuna mtu aliangalia mkono. Nilifurahi, Festus. Nilikunywa hiyo soda nikafurahi. Kwa hiyo hiyo ya kwanza tuliifanya wote wawili, na mimi nitajibu yangu kwa Mungu.

FESTUS: Basi ndio nasema, sisi wote—

PERIS: Nimesema ya kwanza. Kuna picha ya pili.

FESTUS: Ya pili gani?

PERIS: Koti ni ile ile. Fimbo ile ile. Ng'ombe ni zile zile nane, hata ile ya pembe moja iko. Nilidhani ni siku moja. Ni Joan ameniambia, mama, hebu angalia nyuma. Siku ya wageni ilikuwa mwezi wa pili. Jua kali, shamba tupu, vumbi. Kwa hii picha mahindi imekufika kifuani.

FESTUS: Peris—

PERIS: Mahindi inafika kifuani mwezi wa sita. Mwezi wa sita mimi nilikuwa nimeshaenda kortini. Wewe ndio ulinisindikiza kwa chifu nipate barua. Ulikaa kwa benchi nje. Barua iliandika "mama huyu hana mali yoyote." Uliisoma, ukakunja, ukaniambia Mungu atafungua njia. Halafu ukaenda kukopa ng'ombe mara ya pili?

FESTUS: Haikuwa hivyo. Wacha nieleze.

PERIS: Eleza. Hii kredo ni ya kukopa, Joan ameichukua asubuhi. Eleza haraka.

FESTUS: Ngoja nishuke hapa chini... Ngoja... (mtandao unakwaruza) Unaniskia?

PERIS: Nakuskia.

FESTUS: Matthew alinipigia. Akasema anapita Bungoma na mwenzake, wanataka kusalimia. Akasema wazee huko Cherang'any wameskia kuna ugonjwa wa miguu na midomo imeingia huku, wanauliza kama zile ng'ombe za mama Joan zilipona. Sasa mimi nikafikiri ni wakwe wanachunguza. Si watu hufanya hivyo? Wanakuja mara ya pili bila kutangaza, wanaangalia kama boma ni ile ile. Ningesema zimekufa zote nane? Ningesema nimeuza? Na harusi ni Desemba?

PERIS: Ukaenda kwa Wangila.

FESTUS: Nikaenda kwa Wangila. Mara hii hakutaka. Akasema anakamua, ng'ombe zikihamishwa maziwa inapotea. Tukaelewana.

PERIS: Mlielewana aje?

FESTUS: Nilimjengea choo.

PERIS: Ulimjengea Wangila choo.

FESTUS: Ya matofali. Siku nne. Bila hata shilingi.

PERIS: Mimi nimekuomba tangu mwezi wa nne unirekebishie mlango. Natia kiti nyuma ya mlango nikilala. Ulisema uko bize. Na ulipata siku nne za kujenga choo ya mtu, ndio mimi nionekane tajiri kwa wiki yenye naomba korti inione maskini.

FESTUS: Nilifanya kwa ajili ya Joan. Kwa ajili yenu.

PERIS: Huyo mwenzake Matthew alikuwa nani?

FESTUS: Kijana tu. Alikuwa na shati nyeupe. Hakuongea sana.

PERIS: Alipiga picha?

FESTUS: Alipiga moja moja.

PERIS: Na aliandika?

FESTUS: Alikuwa na kadaftari.

PERIS: Kijana na shati nyeupe na kadaftari, mtu wa kutumwa na Kabiru, anakuja kuhesabu ng'ombe kwa boma yako, na wewe unasimama mbele unajipanga. Hukushangaa?

FESTUS: Baadaye.

PERIS: Baadaye lini?

FESTUS: Wakati walikuwa wanatoka. Huyo kijana aliniuliza, "na zote ni za Peris mwenyewe, si za jirani?" Ile alisema "jirani," nikajua hapa kuna kitu. Wakwe hawaulizi hivyo.

PERIS: Ukamjibu nini?

FESTUS: (mtandao unakwaruza)

PERIS: Festus, ukamjibu nini?

FESTUS: Nilimwambia, "kwani umeona jina ya nani mwingine hapa?" Ilikuwa imeshatoka mdomoni. Nitairudisha aje? Hakuna siku nimelala vizuri tangu hapo. Nilijaribu kukupigia nikuambie—

PERIS: Hukunipigia. Wiki sita simu zako zinasema niko saiti, niko matanga, niko kanisa, nitakupigia. Mimi nikawa nakutetea. Joan akisema mjomba anatuhepa, nilimgombeza. Nilimwambia mjomba ako na kazi nyingi. Kumbe ulikuwa unajua. Nilikuwa na siku thelathini, Festus. Ungenipigia siku moja kati ya hizo. Siku moja. Ningeenda na Wangila kwa karani, tungeapa, hii kitu ingekuwa imeisha.

FESTUS: Niliona aibu.

PERIS: Uliona aibu ya nini? Ya kudanganya ama ya mimi?

FESTUS: Usiseme hivyo.

PERIS: Nauliza.

FESTUS: Peris, sisi mama alitulea aje? Aliosha sufuria za walimu shule nzima. Tulikuwa tunakula mboga bila chumvi. Lakini mtu akituita maskini alikuwa anatoka na kijiti. Mimi nimekua na hiyo. Nikiskia ati dada yangu anaandika kwa karatasi ya serikali, anapiga sahihi, kwamba yeye ni... kwamba ni hivyo. Na mimi niko hai. Mimi ndugu yake, fundi, mzee wa kanisa, niko hai. Watu wataniuliza mimi niko wapi.

PERIS: Sasa umesema ukweli.

FESTUS: Ndio ukweli.

PERIS: Ni jina yako ulikuwa unachunga. Si ng'ombe, si Joan. Na usimtaje mama. Mama alikuwa anakataa tuitwe maskini na watu wa kutucheka. Hajawahi kukataa dawa ya bure kwa hospitali. Alipanga laini na kadi mkononi kama wengine. Niskize, kredo inaisha. Karani ameniambia hivi. Naweza kuomba hakimu airudishe kesi. Lakini hakimu hawezi kuniamini mimi, sababu mdomo uliosema ng'ombe ni zangu si wangu, ni wako. Wewe ndio lazima useme. Na tarehe tisa mwezi ujao miaka tatu inatimia tangu mashine initoe mkono. Ikipita hiyo tarehe kama hakuna kesi kortini, karani anasema naweza kubaki mikono mitupu. Umeskia?

FESTUS: Nimeskia.

PERIS: Jumatatu saa mbili asubuhi. Wewe na Wangila. Hapa Kitale.

FESTUS: Jumatatu tunamwaga zege ya—

PERIS: Festus.

FESTUS: Sawa. Sawa. Sasa nitasema nini? Nisimame hapo, mzee wa kanisa, niseme mimi ni mwongo?

PERIS: Hiyo ni ndogo. Hiyo utasema kwanza. Halafu utasema ile ingine.

FESTUS: Gani?

PERIS: Unajua.

FESTUS: Si karani anaweza kuandika, mimi niweke tu sahihi?

PERIS: Anza hapa. Niambie mimi kwanza. Sema, "dada yangu ni maskini."

FESTUS: Peris, usinifanye hivi.

PERIS: Sema.

FESTUS: Hapa kuna vijana.

PERIS: Huku kuna Kitale yote. Sema.

FESTUS: Dada yangu...

PERIS: Ehe.

FESTUS: Dada yangu ni maskini. Peris? Umekata?

PERIS: Niko.

FESTUS: Unalia?

PERIS: Imeniuma. Nilifikiri haitaniuma. Lakini hiyo ndio imenyooka, hakuna mahali imepinda. Jumatatu uiseme hivyo hivyo.

FESTUS: Nikisema, wakwe wataskia. Matthew atawapelekea siku hiyo hiyo. Watajua tuliwakopea ng'ombe, tukawakalisha kwa viti tukawadanganya. Joan ataachwa. Hiyo umeifikiria? Upate kesi upoteze harusi?

PERIS: Umeuliza vizuri. Unajua ni nani amekuja na sisi kortini leo?

FESTUS: Nani?

PERIS: Jerono. Mama yake Kiplangat. Amepanda gari ya saa kumi na moja kutoka Cherang'any ndio asinikute nimekaa peke yangu. Sai ameenda kutununulia chai. Joan akitoa hizi karatasi alikuwa amesimama hapa, akaona picha kabla nifiche.

FESTUS: Mungu wangu.

PERIS: Mimi nikafunga macho. Nikajua imeisha. Nikaskia anacheka.

FESTUS: Anacheka?

PERIS: Akasema, "Hizi ng'ombe. Mzee wangu alizisema njia yote tukirudi nyumbani." Akasema wazee wao walijua tangu wanaingia kwa geti. Zizi haikuwa na mavi ya jana. Hakukuwa na mahali pa chumvi. Na zote nane zilikuwa zimegeuka upande moja, kwa ua ya Wangila, zinalia. Mzee akasema ng'ombe yenye iko kwao hailii ikiangalia kwa jirani. Ulienda kuficha kitu kwa watu wa ng'ombe ukitumia ng'ombe.

FESTUS: Na hawakusema kitu?

PERIS: Wangesemaje? Walikula kuku yako, wakashukuru, wakaenda. Jerono anasema mzee alisema tu, hawa watu wamehangaika sana kwa ajili ya msichana wao. Ikaisha.

FESTUS: Sasa Matthew... Matthew pia alikuwa na hao wazee.

PERIS: Alikuwa. Njia yote aliskia. Alijua, akaapa. Na hakuapa uongo, Festus, hiyo ndio inaniua. Aliapa ati ameskia kutoka kwako. Na ni kweli aliskia kutoka kwako. Hakuna mahali nitamshika.

FESTUS: Huyo kijana nikimpata mimi—

PERIS: Hutamfanya kitu. Hebu fikiria. Mimi nilijua. Joan alijua. Wangila alijua. Wakwe walijua, Matthew alijua, mpaka ng'ombe zenyewe zilikuwa zinasema. Ni mtu moja tu aliamini.

FESTUS: Hakimu.

PERIS: Hakimu.

FESTUS: Yesu.

PERIS: Na yule mzee, baba Kiplangat, Jerono amempigia sai hapa nikiskia. Amesema Jumatatu atakuja mwenyewe aape venye aliona. Mkwe wangu anatoka Cherang'any kuja kuniita maskini mbele ya watu, na amesema ni heshima kwake. Sasa mimi nauliza, ndugu yangu wa tumbo moja atakuwa wapi?

FESTUS: Nitakuja.

PERIS: Na Wangila?

FESTUS: Nitamleta. Choo yake haijawekwa mlango. Hapati mlango mpaka aje.

PERIS: Inalia. Kredo inalia. Imebaki dakika.

FESTUS: Peris, pole.

PERIS: Sasa unaweza kuisema.

FESTUS: Pole, dada. Pole sana. Nakuja asubuhi mapema. Nitatafuta ile koti niipige pasi—

PERIS: Usivae koti.

FESTUS: Sasa nivae nini mbele ya hakimu?

PERIS: Ile umevaa sai. Ile ya simiti. Na fimbo ya baba uiache kwa nyum—